Dawa Mbili Katika Tumbo Moja

Mama alikula kichwa cha samaki, sato, akakimaliza, akanyonya hadi mifupa ya mashavu, nami nikasimama mlangoni nikitokwa machozi ya furaha. Tangu Pasaka alikuwa haonji kitu zaidi ya uji. Sasa, siku kumi tu baada ya kuanza ile dawa ya Kichina, chupa ya maji meusi yenye harufu ya mizizi, alikuwa akiomba ugali uongezwe.

Aliyetuletea ni Sabina, mwenzangu wa kwaya hapa Buhongwa. Sitamsingizia. Alisema inatia nguvu na hamu ya kula, na kweli ilitia. Hata yeye aliinywa. Alisema pia, "Teodora, mama yako ana presha. Muulizeni daktari kwanza." Nilicheka. Daktari yupi? Wale wanaokufokea ukitaja mzizi tu?

Hata hivyo nilijiona mwangalifu, mjuaji mimi. Kwetu tumelelewa tukiambiwa dawa mbili hugombana katika tumbo moja. Unamaliza hii ndipo unaanza ile. Basi nikavikusanya vidonge vya presha vya Mama, nikavifungia kabatini.

"Mwanangu, vile vidonge daktari alisema nisiviache hata siku moja," Mama alisema. "Twende tukamuulize."

"Mama, unakula, unalala, unatembea mpaka sokoni. Unataka nini tena?"

Tangu Baba afariki, neno la mwisho nyumbani lilikuwa langu, nami nilipenda iwe hivyo.

Wiki ya nne alianguka uani asubuhi, akianika dagaa. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Kiharusi.

Wodini daktari, binti mdogo kwangu, alisikiliza habari za chupa bila kufoka. Alisema baadhi ya mizizi ya namna ile hupandisha presha, na bila vidonge hakukuwa na cha kuizuia. Alisema kwa upole, na upole ule uliniumiza. Ningeweza kuja kumuuliza siku yoyote.

"Hawezi kusema, ila anasikia kila kitu," aliniambia. Kisha akashika kalamu. "Dada, nani alimwambia bibi aache vidonge?"

Mkono wa kushoto wa Mama, ule uliobaki mzima, ulikuwa umeshika wangu.

"Ni yeye mwenyewe," nikasema. "Wazee wetu hawa, daktari, wabishi."

Daktari akaandika. Mama hakunitazama. Alifungua vidole vyake kimoja kimoja, akauondoa mkono wake kwenye wangu, akaulaza juu ya shuka.