Uga wa Bi Hermine

Mpango ulikuwa umefika toleo la nne. Želmíra aliuchora kwa penseli ngumu kwenye karatasi ya miraba, kama alivyokuwa akichora mipaka ya viwanja katika ofisi ya ramani, kabla ofisi haijapunguza watu. Alhamisi tarehe 14 Septemba: asubuhi Vienna, alasiri treni. Kulala siku mbili Bratislava, nyumbani kwa Želmíra, ghorofa ya tano, lifti ipo. Ijumaa: basi mpaka Modra, saa moja katika uga alimozaliwa Bi Hermine, kisha kurudi. Jumamosi Darina, mwenzake wa zamu, angempokea bibi kituoni Bratislava na kumrudisha Vienna.

"Saa moja?" aliuliza Bi Hermine. Alikuwa na miaka themanini na minne, na alisoma bila miwani alipotaka kugombana. "Nimengoja miaka sabini na miwili, unanipa saa moja?"

"Basi la kurudi ni saa nane na dakika arobaini. Linalofuata ni la zamani, halipandishi kiti cha magurudumu."

"Wewe mpimaji, hata kaburi langu utalichora kwa rula."

"Kwa rula. Likipinda utanilaumu."

Kwa miaka sita Želmíra alikuwa akimtunza Bi Hermine wiki mbili Vienna, kisha wiki mbili anarudi kwake. Kila Alhamisi ya pili basi dogo la walezi lilimleta Darina na kumchukua yeye. Katika miaka hiyo sita aliijua Vienna hivi: ngazi za nyumba, duka la dawa, soko la mboga, zahanati. Ndiyo maana asubuhi ya Alhamisi iliingizwa kwenye mpango kwa amri ya Bi Hermine: watapanda tramu na kuzunguka katikati ya mji, mzunguko mzima.

"Hiyo ni yako," alisema bibi. "Usije ukafa ukidhani Vienna ni duka la dawa."

Yeye mwenyewe alitaka kitu kimoja. Alitoka Modra Machi 1945, msichana wa miaka kumi na miwili, juu ya mkokoteni, kwa kuwa familia yake ilikuwa ya Wajerumani wa pale na vita vilikuwa vinaisha. Alitaka kurudi penye banda la baba yake la kukamulia zabibu, anywe glasi ya mvinyo mchanga, ule ambao bado unachacha na chupa yake haifungwi sawasawa isije ikapasuka. Mvinyo huo hupatikana wiki chache tu, kuanzia mwisho wa Agosti. Julai, bibi alipotoka hospitali mara ya pili, daktari alimwita Želmíra kando kwenye ujia akamwambia asiutegemee mvinyo wa mwaka ujao.

Zamu yake ya Agosti ilipokwisha, Želmíra alirudi Bratislava, akaazima kiti cha magurudumu, akamkalisha mumewe Vendelín ili aijaribu njia.

"Watu watadhani umenivunja miguu," alisema Vendelín walipokuwa wakingoja basi.

"Kaa kimya. Mgonjwa hapigi soga."

"Mgonjwa ana kiu."

"Mgonjwa ana kilo tisini na nne, na bibi ana hamsini na moja. Nikikuweza wewe, na yeye nimemweza."

Aliandika kila kitu: ngazi ya basi, kimo cha ukingo wa njia, mita mia tatu na themanini za mawe kutoka kituo cha Modra. Mkononi alikuwa na nakala ya ramani ya viwanja ya zamani, na alipofika mwisho wa uchochoro alisimama. Pale ilipotakiwa kuwa nyumba palikuwa na maegesho ya magari. Alidhani amekosea. Akapima tena kutoka pembe ya kanisa, akapata jibu lile lile.

"Si hapa?" aliuliza Vendelín.

"Ndipo hapa."

Vendelín aliinuka kitini, bibi mmoja aliyekuwa akipita akafanya ishara ya msalaba, na Želmíra hakucheka.

"Usimwambie," mumewe alimshauri kwenye basi. "Mwambie njia mbovu. Mwambie lolote."

Želmíra aliikunja ramani, akaitia begini. Usiku ule na uliofuata alilala vibaya. Wiki zake mbili za nyumbani siku zote zilikuwa hivyo: mwanzoni aliamka saa kumi na moja alfajiri akisikiliza kengele ya bibi isiyokuwepo, na alipoanza kulala vizuri ilikuwa Jumatano, begi liko mlangoni.

Aliporudi Vienna alisubiri bibi amalize supu.

"Nyumba haipo," alisema. "Ilibomolewa mwaka 1974. Pana maegesho, nafasi arobaini na mbili."

Bi Hermine aliweka kijiko chini. "Na mlango?"

"Hakuna mlango."

"Kwa hiyo hakuna mtu wa kuufungua."

"Hakuna."

Bibi aliisukuma sahani kando. Kisha akasema kwamba mwaka 1990, mpaka wa nchi ulipofunguliwa, alikwenda na marehemu mumewe hadi Bratislava, wakasimama kwenye kituo cha mabasi, na basi la Modra lilipokuja hakupanda.

"Nilikuwa namwona mwanamke amefunga aproni. Anafungua, ananiuliza, unataka nini? Nyumba siitaki. Nilitaka kusimama tu. Sasa nani anasafiri na mume wake siku nzima ili akasimame?"

Želmíra alipiga hesabu: mwaka ule mlango ulikuwa umeshaondoka miaka kumi na sita. Akalisema.

"Miaka kumi na sita," alirudia Bi Hermine. "Niliogopa mlango usiokuwepo. Wee Hermine!" Akavuta karatasi ya miraba. "Banda lilikuwa wapi?"

"Nafasi ya kumi na saba kutoka geti. Robo yake imeingia ya kumi na nane."

"Basi nipeleke ya kumi na saba."

Alhamisi walizunguka na tramu. Bi Hermine alimwonyesha kila jengo kwa kidole na kumtajia majina, mengine si sahihi. Treni ya alasiri ilikuwa na dakika nne za kuchelewa. Ijumaa Vendelín aliondoka alfajiri kwenda zamu yake, wao wakaenda kituoni. Basi lilichelewa dakika ishirini na tano, na Želmíra akaandika hilo pembeni mwa mpango na kulipigia mstari.

Modra maduka yalikuwa yamefungwa na kengele za kanisa zililia mfululizo.

"Nilikwambia ni mji mtulivu," alisema Bi Hermine.

Lakini maegesho yalijaa, kwa kuwa mtaani walikuwa wakiuza mvinyo mchanga kutoka mageti ya nyumba. Nafasi ya kumi na saba tu ilikuwa wazi. Želmíra alitia sarafu kwenye mashine, akachukua tiketi ya saa moja, akaiweka juu ya blanketi magotini pa bibi. Akakisukuma kiti katikati ya mistari miwili myeupe, akafunga breki. Akaenda kununua mvinyo. Aliporudi, gari la kijivu lilikuwa limesimama mbele ya kiti, dereva ametoa kichwa nje.

"Shangazi, hapo ni pa magari!"

"Amelipia," alisema Želmíra. "Tiketi hiyo hapo. Mpaka saa nane na robo."

"Mmelipia kiti cha magurudumu?"

"Imeandikwa nafasi moja, chombo kimoja cha usafiri. Hiki ni chombo, kina magurudumu manne."

Dereva alishuka, mwanamume wa makamo aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Akaichukua tiketi, akaisoma, akaangua kicheko. "Shangazi, mmeibiwa na mashine. Leo hapalipiwi. Ni sikukuu."

"Sikukuu gani?"

"Ya Mama wa Huzuni! Tarehe kumi na tano! Kwani mmetoka wapi?"

Želmíra alikuwa amezaliwa kilomita thelathini kutoka pale. Kila tarehe kumi na tano ya Septemba, mpaka alipoolewa, alivaa viatu vyeusi na kwenda na mama yake kwenye misa. Sasa kengele, maduka yaliyofungwa na basi vilijipanga kichwani mwake kwa utaratibu. Basi halikuchelewa. Lilikuwa basi jingine, la ratiba ya sikukuu. Na la saa nane na dakika arobaini halikuwepo.

"Vienna si sikukuu," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza.

Dereva aliwatazama wote wawili, akarudisha tiketi taratibu magotini pa Bi Hermine. "Kaeni, shangazi. Nitatafuta pengine," alisema, akaondoka.

Bi Hermine alinyoosha mkono wa kushoto, kama ilivyo desturi kwa mvinyo ule, akapokea glasi. Hakunywa.

"Umesahau sikukuu ya kwenu," alisema.

"Nimesahau."

"Nigeuze. Nikae kama tulivyokuwa tunakaa, mgongo kwenye banda."

Želmíra alilegeza breki, akamgeuza kuelekea mlimani. Juu ya paa za magari mizabibu ilipanda mistari mistari hadi msituni. Bibi alikunywa, akafumba macho, akayafumbua.

"Basi letu saa ngapi?"

"Sijui."

"Basi kaa. Nafasi inatutosha."

Želmíra alikaa kwenye ukingo wa zege, ndani ya mstari, mahali ambapo kwa ramani ya zamani palikuwa kizingiti cha banda. Alimimina glasi yake, akatoa penseli. Kwenye mpango, penye Ijumaa, aliandika: sikukuu. Saa ya kurudi aliifuta, akapaacha wazi.