Chuma cha Baba

Mabango ya utalii ya mtindo wa kizamani yana sheria moja: ondoa. Rangi nne zinatosha. Mawe yawe mawe, bahari iwe bahari, makorokoro yote nje. Ndivyo nilivyolichora jabali letu, limesimama wima juu ya mawimbi, na njia nyembamba ikipita ukingoni. Reli ya chuma inayoikinga ile njia niliifuta. Iliharibu picha, na mimi kwenye picha sina simile.

Baba alikuwa fundi cherehani hadi macho yalipomgomea. Sasa anaona mwanga na kivuli tu. Nilipomletea bango, alilipapasa kwa vidole.

"Na chuma changu umekiweka?"

Kila alasiri hupita njia ile peke yake, mkono juu ya reli. Fimbo hataki kuisikia. Eti fimbo ni ya wazee.

"Nimekiweka, Baba." Nani ana muda wa kumfundisha mshona suruali mambo ya sanaa?

Bango likapendwa. Likabandikwa stendi, hotelini, hata kwa kinyozi. Kichwa kilinivimba, sikatai.

Jana nilipeleka nakala nyingine kwenye hoteli iliyo juu ya jabali. Meneja akanipokea meno yote nje.

"Msanii wetu! Wageni walizidi kulalamika kwamba mahali hapafanani na bango. Sasa tumewaziba midomo. Tangu asubuhi mafundi wanaikata ile reli. Hebu njoo dirishani uone."

Nikasogea. Njia ilikuwa tupu, tupu kabisa, vilevile nilivyoichora kwa mkono wangu. Na kule upande ambao reli ilikuwa bado haijakatwa, shati jeupe la Baba lilikuwa linakuja.

Nakala zikaniponyoka. Sijui nilishukaje ngazi. Nilipiga kelele mpaka koo likawasha, upepo ukazimeza zote. Mafundi walikuwa nyuma ya gari lao wanakunywa chai, wamempa kisogo. Baba akafika mwisho wa reli. Mkono wake ukashika hewa. Akaunyoosha zaidi kuitafuta, na mguu ukaufuata mkono.

Nilimdaka shati kwa nyuma, tukaanguka wote wawili kwenye changarawe. Jiwe likaporomoka kutoka chini ya kiatu chake. Nilisubiri lianguke majini, sikusikia kitu.

Nikawatukana mafundi, nikamtukana meneja na ukoo wake.

"Chuma changu kimekwenda wapi?" Baba akauliza, bado ananipapasa uso kuhakikisha ni mimi.

"Wamekikata, Baba! Eti mahali pafanane na bango langu! Hawa watu wana akili kweli?"

Akajipangusa vumbi magotini, taratibu, kisha akanigeuzia yale macho yake.

"Pafanane na bango lako? Mwanangu, si ulisema umekiweka?"