Geti Lililojikunja

Jumanne Bi Cheche aliambiwa kwamba ifikapo Jumatatu atahamia stoo. Chuo chake cha ufundi kimekuwa chuo kikuu cha umma, na sheria mpya haina mswalie Mtume: asiye na shahada hafundishi. Yeye alikuwa na cheti cha kuchomelea vyuma na miaka thelathini na mmoja ya kufundisha.

Jamani, stoo! Mwanamke aliyeanza pale pakiwa na vyumba vitatu vya mabati na wanafunzi kumi na wawili wanaopokezana miwani moja ya kuchomelea. Paa la maktaba, mkono wake. Mabenchi wanayokalia hao wa shahada, mkono wake. Dada yake alimwambia ashukuru, stoo ni kazi ya kukaa. Akamjibu kwamba kiti akikitaka atajiundia mwenyewe. Kufundisha ndiko alikokupenda, na usiombe uone alivyolia kwa hasira.

Uzinduzi wa chuo kikuu ulikuwa Ijumaa. Geti jipya lilichorwa na mkuu wa idara ya uhandisi, daktari wa vitabu si wa sindano, kijana mwenye adabu zake. Mchoro ulikuwa mzuri, hakuna ubishi. Ila yeye na wanafunzi wake wakaliunga lote kwa upande wa mbele, mfululizo, bila kuligeuza hata mara moja. Chuma kilichochomelewa kikipoa hunywea na kuvuta. Alhamisi asubuhi geti lilikuwa limejikunja kama ngozi iliyoanikwa, halikubali nguzo zake.

Daktari akaja karakana mwenyewe, jasho jembamba likimtoka. Alimwomba Bi Cheche amsaidie saa ya chakula, wanafunzi wakiwa hawapo. Angeweza kumwacha aumbuke, na nani angemlaumu? Lakini geti lile lilibeba jina la chuo chake, na hakuwa tayari kuliona likichekwa na wageni.

"Nitalinyoosha," alisema. "Ila waite wanafunzi wote. Kosa likifichwa halimfundishi mtu."

Walikuja arobaini. Wakalilaza geti kifudifudi, mgongo uliotuna ukatazama juu. Bi Cheche akatia alama za chaki, akawasha gesi, akachoma kila alama mpaka ikaiva nyekundu, kisha akabandika tambara bichi. Hakushika nyundo. Upande ule nao ukapoa, ukavuta, ukaurudisha mwenzake. Daktari alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akauliza na kuandika, akauliza tena. Alasiri wakavuta uzi toka kona hadi kona, na geti likawa sawa nao.

Ijumaa lilifunguka kwa kidole. Mkuu wa chuo akamsifu daktari mbele ya baraza zima la chuo, na kijana angeweza kunyamaza akazimeza zile sifa. Wengi wangezimeza, tusidanganyane.

"Geti hili nililiharibu mimi," alisema. "Aliyelinyoosha, akanifundisha na kwa nini liliharibika, mnampeleka stoo Jumatatu."

Mwenyekiti wa baraza akataka kumwona huyo mtu. Bi Cheche akasogea mbele, kichwa juu, akaeleza kwa maneno machache jinsi chuma kinavyovuta. Baraza likakaa mchana uleule. Walipotoka walikuwa wameanzisha cheo cha mkufunzi wa vitendo, ambacho mtu hukipata kwa kupimwa kazi ya mikono yake, si kwa shahada, na cheo cha kwanza kilikuwa chake.

Jumatatu saa mbili aliingia darasa la shahada, mwaka wa kwanza. Wote wakasimama, daktari akiwa mstari wa mbele na daftari lake. Bi Cheche hakuwa amezoea watu kusimama kwa ajili yake. Karakanani kila mtu ameinama. Fahari ikamjaa kifuani.

"Kaeni," alisema. "Chuma hakina habari kwamba mko chuo kikuu."

Wakacheka, wakakaa. Naye akashika chaki, akaandika ubaoni jina lake kamili, si lile la Cheche alilopewa karakanani, jina ambalo hata daktari hakuwa akilijua.