Shimo Chini ya Sinki

Povu ndilo lililomwambia. Ruqaya alikuwa ameosha kikombe kwa sabuni kwenye sinki jipya la gari lake la Kombi, akakisuuza, kisha akavuta tena mkono wa pampu apate maji ya kunywa. Pampu ikakohoa, ikatema maji meupe ya povu. Akayaonja kwa ncha ya ulimi. Sabuni ya kipande, na kwa mbali ladha ya kitunguu alichokuwa amekikatia pale asubuhi.

Akapiga magoti, akafungua kabati chini ya sinki. Mtungi wa plastiki ulikuwa mmoja tu. Mpira wa pampu ulikuwa umezama ndani yake kunyonya maji, na mpira wa sinki, ule wa kutolea maji machafu, ulikuwa umeingizwa kwenye mdomo ule ule wa mtungi, ukafungwa waya, ukakazwa vizuri. Kazi safi kabisa. Kazi ya mtu aliyekaa akaifikiria.

"Astaghfirullah," alisema, na hakuisema kwa upole.

Kombi ile ilikuwa yake. Mumewe, Ali, alimpa hiba akiwa mzima, mbele ya watu, na mmoja wa watu hao alikuwa Nurudin, mdogo wake Ali. Mke na mume waliigeuza wenyewe kuwa gari la kupigia kambi. Ali aliweka kitanda cha kukunja na jiko la gesi, Ruqaya akashona mapazia. Mvua kubwa zilikuwa zimelijaza bwawa la Masinga, na watu wa Nairobi walikuwa wakiulizia gari la kukodi, la kulala humo humo kando ya maji. Likabaki sinki peke yake. Kisha Ali akaanguka dukani asiamke tena, na Ruqaya akakaa eda.

Mwanamke wa eda hatoki uani kusimama na mafundi. Kwa hivyo maneno yote ya sinki yalipitia kinywani mwa Nurudin, naye Ruqaya akawa anasikiliza nyundo kutoka nyuma ya dirisha, akimshukuru Mungu kwamba Ali alimwachia shemeji wa kumshughulikia.

Sasa eda ilikuwa imekwisha, na kesho asubuhi wageni wa kwanza, mtu na mkewe waliopatana na Ali kabla hajafa, wangekuja kulichukua gari. Nurudin alikuwa ameshasema mbele ya jamaa wote: "Wakiridhika, sawa, shemeji akae nalo. Wakilirudisha kwa lawama, linauzwa. Mjane na gari la matembezi, wapi na wapi?" Ruqaya alijibu inshallah.

"Musili!"

"Naam, mwaitu." Fundi Musili, mtu wa Kalama, alikuwa nje akikusanya vyombo vyake vya kazi. Siku zote alimwita hivyo, mama, kwa Kikamba chao.

"Njoo unywe maji."

Akaja akitabasamu, akafuta mikono kwenye suruali, akapokea kikombe. Alipoona povu, tabasamu likamwisha.

"Kunywa."

"Mwaitu, hii iko na sabuni."

"Imetoka wapi?"

Musili akalitazama kabati lililo wazi. "Kwetu Kalama maji haimwagwi. Ukinawa uso, hiyo maji inaosha masufuria, halafu inaenda kwa sukuma wiki. Nikasema isipotee."

"Na huko kwenu inarudi kwenye mtungi wa kunywa?"

"Hapana."

"Basi nionyeshe sukuma wiki ziko wapi humu ndani."

Musili akageuza kichwa, akatazama kitanda, akatazama jiko, kama mtu anayezitafuta kweli. Kisha akaona alivyo mjinga, akakaa kitako mlangoni.

"Mimi nilitaka kutoboa chini, maji itokee nje," akasema. "Mdosi akakataa. Nikamwambia basi tuweke mtungi ya pili, lakini kwa hiyo kabati haiingii. Akasema nitajua mwenyewe, bora nisiguse bodi ya gari. Hata shimo ya msumari hataki."

"Mdosi ni nani?"

"Si Nurudin?"

"Alikwambia kwa nini?"

Musili akaanza kujikuna shingo.

"Musili, nakuuliza mbele ya Mungu."

"Alisema mwenye kununua hataki gari iko na mashimo. Ni mtu anaitwa Muindi, ule wa kinu cha unga. Anataka ya kubeba magunia. Wanakuja leo kuiangalia."

Hasira ilimjia Ruqaya taratibu, ikampanda kutoka miguuni mpaka masikio yakawa ya moto. Kumbe Nurudin alikuwa ameshapata mnunuzi. Yale ya kwamba wageni wakiridhika yalikuwa ya kumnyamazisha tu. Na kesho yeye, kwa mikono yake mwenyewe, angewapa wageni wa marehemu maji ya kuoshea vyombo wayanywe, wayatawadhie kama ni Waislamu, kisha wangerudi wakiwa wagonjwa, na Nurudin angetikisa kichwa kwa huruma mbele ya jamaa: si niliwaambia?

"Leta tindo na nyundo."

"Mwaitu, mdosi atani..."

"Chai uliyokunywa hapa muda wote huu ilipikwa na mdosi?"

"Hapana."

"Leta."

Lakini hata katika hasira hakuwa mtu wa kuvamia. Alitandika gunia, akajikaza buibui, akaingia chini ya gari kwa mgongo. "Gonga kidogo," akapaza sauti. Musili akagonga kutoka ndani. "Hapo pana paipu ya breki. Sogea kushoto. Tena. Simama hapo hapo!" Musili akaweka alama ya chaki huko ndani, Ruqaya akatoka na vumbi mgongoni, akampokonya fundi nyundo. "Hili la kwanza ni langu."

Alipiga. Bati likalia mtaa mzima.

Alikuwa amekwisha kulitoboa, na Musili akilisawazisha kwa tupa, Nurudin alipoingia uani na kanzu yake nyeupe. Nyuma yake alikuja Muindi, nyusi zimejaa unga.

"Shemeji! Mnafanya nini? Mnatoboa gari la ndugu yangu!"

"Ndugu yako alinipa. Ulikuwepo. Ulikula biriani ya siku ile mpaka ukaomba ukoko."

Muindi akacheka kabla hajajizuia.

"Haya si mambo ya kusema mbele ya watu," Nurudin akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nakuhifadhi. Nani ataliendesha? Wewe?"

"Wageni wanajiendesha wenyewe. Hilo nalo Ali alikueleza." Ruqaya akakichukua kikombe, povu bado linaelea juu. "Jana ulinihakikishia sinki limekamilika, niwakaribishe wageni bila wasiwasi. Haya. Bismillah, kunywa."

"Sina kiu."

"Onja tu."

"Shemeji, acha utoto."

"Hutaki! Ulijua yamo nini! Nimekaa ndani na msiba wangu, nikikuombea kila sala, Nurudin, kila sala, nawe uko huku nje unapanga jinsi nitakavyoaibika!" Sauti yake ilipasuka, na hakuona haya. Maji yakamwagika mkononi.

Muindi alikuwa akijikuna kidevu. "Nurudin, wewe uliniambia mwenye gari alikufa."

"Alikufa."

"Na huyu aliyeshika nyundo ni nani?"

Nurudin akajipangusa kanzu, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mimi nanunua gari, sinunui kesi," Muindi akasema. "Tena unga yangu na shimo, wapi! Mama, pole na msiba. Kazi njema." Akaondoka bila kumngoja mwenzake.

Ndani ya gari Musili alijifanya ana shughuli nyingi mno. Alikata waya, akauvuta mpira wa sinki, akaupitisha kwenye shimo na kuufunga klipu, huku akieleza kwa sauti, bila mtu kumuuliza, kwamba wageni wataweka ndoo chini ya gari, na maji ya ndoo watamwagia miti ya huko Masinga.

Nurudin alibaki amesimama, mikono mitupu. "Shemeji, tusameheane. Ni shetani tu."

"Usimsingizie shetani. Shetani hata hajui kinu cha Muindi kiko wapi."

"Sasa unataka nifanye nini?"

Ruqaya akautoa mtungi kabatini, akaumwaga wote, akautua mbele ya miguu ya Nurudin. "Nenda kioski ya maji. Usuuze mpaka harufu iishe, kisha ujaze."

"Na kanzu hii? Watu wa msikitini watanionaje?"

"Watakuona unamchotea maji mke wa ndugu yako. Msamaha nitamwomba Mungu anitilie moyoni. Kwa leo sinao."

Nurudin akatazama lango, akatazama mtungi. Mwishowe akainama, akaushika mtungi mkononi, akatoka.

"Na uuinue!" Ruqaya akampigia kelele. "Usiuburute chini, utatoboka!"