Hardy Akimbia na Sukari

Nesi wa kliniki alipomwambia ana sukari, Hardy hakuuliza habari za dawa. Aliuliza miguu yake itakuwaje. Mama yake alikufa Bukavu baada ya sukari kumla mguu hadi pajani, na yeye ndiye aliyekuwa akimbeba kumpeleka chooni.

Kesho yake alianza kukimbia. Alikuwa fundi wa simu katika mtaa wa Umbilo, ugenini mbali na Bukavu, mtu wa kushinda kitini, na milima ya mtaa jirani wa Glenwood ilimtesa. Nyayo ziliwaka kama zimepakwa pilipili. Alikuwa akirudi nyumbani ameshika ukuta, na mke wake, Élisabeth, akimkanda miguu.

Ezekieli, Mtanzania aliyekuwa akikimbia naye, ndiye aliyempa bangi.

"Vuta kidogo kabla hatujatoka, kaka. Utasahau kama una miguu."

Akasahau kweli. Mlima uliisha bila yeye kujua. Siku nyingine alifika hadi Bluff, upande wa pili wa bandari, na bado akataka kuendelea. Akawa anavuta kila siku, akirudi na njaa kali anamaliza mkate mzima. Vidonge vya kliniki akaviacha.

"Sukari inatoka na jasho," alimwambia Élisabeth.

"Nani alikuambia hivyo?"

"Najisikia mwenyewe."

Asubuhi moja Élisabeth aliona madoa ya damu sakafuni, kutoka mlangoni mpaka kwenye meza. Hardy alikuwa ameketi hapo anakula, uso umetulia. Élisabeth akapiga magoti, akamvua kiatu. Soksi ilikuwa imegandana na nyama. Msumari wenye kutu ulikuwa umepenya soli, na kwa harufu ile, haukuingia leo.

"Papa Glody," alimwita kwa jina la mtoto wao, "hukusikia?"

"Sikusikia kitu."

Hospitalini daktari alimuuliza aliwezaje kukimbia na kidonda kile. Hardy alitazama dirishani. Élisabeth ndiye aliyesema habari ya bangi.

"Sukari ilishatia mguu ganzi," daktari alisema. "Maumivu machache yaliyobaki ndiyo yangekuonya. Hayo nayo umeyazima."

Vidole vya mguu vikakatwa. Jioni Ezekieli alikuja kumtazama, na Hardy akamshika mkono kwa nguvu.

"Niletee kidogo tu. Nikiweza kusimama nitaanza mazoezi. Nikilala hapa wataukata mguu wote."

"Hapana, kaka."

"Si wewe uliyenipa?"

"Ndiyo, ni mimi," Ezekieli alisema, na machozi yakamtoka mbele ya wagonjwa wengine. Hata hivyo hakuleta.

Homa ilipanda. Daktari aliporudi, weusi wa kuoza ulikuwa umepita kifundo cha mguu. Hardy akamsihi asubiri, akaahidi kumeza kila dawa, akaahidi hata kuacha kukimbia. Daktari akamgeukia mke wa mgonjwa.

"Kata, docteur," Élisabeth alisema. "Mimi namtaka yeye."

Hardy aliusukuma mkono wa mke wake. Manesi walipoanza kusukuma kitanda kwenda chumba cha upasuaji, akautafuta tena.

Alipozinduka hakuthubutu kugusa blanketi. Alitazama dari.

"Wamefika wapi?"

"Chini ya goti. Goti bado iko."

Hardy akalia kwa sauti, bila kujificha. Élisabeth akavua ndala, akapanda kwenye kitanda kile chembamba, akalala ubavuni mwake. Nesi aliyepita aliwaona. Akavuta pazia, akaendelea na kazi yake.