Mafundo ya Mtaa wa Cooke

Desmond Kitashima alikuwa ameshavunja ukucha mmoja, na fundo la kwanza lilikuwa halijalegea hata kidogo.

Mimi nilishika ncha ya kushoto ya koja, kando ya nguzo. Ncha ya kulia alishika binti wa ofisi ya mauzo ya Desmond, aliyevaa viatu virefu. Katikati yetu, mbele ya milango ya vioo ya mnara mpya wa Hale Manu, alisimama Desmond mwenyewe na shati lake la maua, akichokonoa majani ya maile kwa vidole viwili kama anayetoa mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Watu walijaa chini ya mahema. Mwanzoni walipiga makofi. Kisha makofi yakapungua, sasa wakawa wananong'ona.

"Bosi, hilo ni koja au mtihani wa hesabu?" mtu wa nyuma aliuliza, wenzake wakacheka.

Desmond naye alicheka, akainama kwenye kipaza sauti. "Anti Ululani ananipenda mno. Kafunga kwa mapenzi yake yote."

Anti Ululani hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na meza ya chakula, mkoba mapajani, amevaa gauni refu la kanisani. Alimtazama Desmond kwa utulivu, kama anavyotazama wali uliopo jikoni, bila haraka, akijua utaiva.

Koja la maile, mtambaazi wa msituni, halikatwi. Mtu akifungua nyumba, duka, hata choo cha shule, koja hufungwa mlangoni kwa kitanzi chepesi, mwenye shughuli akavuta ncha, likaachia, watu wakaingia. Anayelikata amekata bahati ya watakaokaa ndani. Sisemi kwamba ni kweli. Nasema tu kwamba nimekaa Honolulu tangu ujana wangu na sijamwona mtu wa visiwa hivi akilikata.

Kwa hiyo Desmond aliendelea kuchokonoa.

Mimi mafundo niliyaona asubuhi ile tulipolitandaza koja. Jana yake tulishinda dukani kwetu kwa makoja, Mtaa wa Maunakea, tukichuna maile, mimi natenga ganda na mti wake wa ndani, Anti anasokota. Adhuhuri alinituma saimin, tambi za mchuzi. Niliporudi na bakuli mbili, koja lilikuwa limeshalala ndani ya majani mapana ya ti, limefunikwa, na Anti akaniambia nisiliguse. Sikuligusa. Asubuhi ndipo nikaona kwamba katikati, mahali pa kitanzi, pana mafundo matano yaliyofuatana, ya ganda bichi lililosokotwa kwa nguvu. Ganda bichi likipigwa na jua hujikaza. Na hotuba zilikuwa ndefu, na jua lilikuwa kali. Ningeweza kusema kitu. Nilifikiri kidogo, nikashika ncha yangu.

Pale uliposimama mnara, Mtaa wa Cooke, palikuwa na jengo la mbao la ghorofa mbili, milango mitano inayotazama ua mmoja, na mbele yake gereji ya mzee Kitashima ya kunyoosha bodi za magari. Anti alikaa mlango wa kwanza. Mimi na marehemu mke wangu tulikaa wa nne. Mzee Kitashima alikuwa mwenye nyumba wa kawaida: alichelewa kutengeneza mabomba, lakini hakupandisha kodi mtu akiwa mgonjwa. Desmond, mwanawe, alikulia katika ua ule. Aliingia mlango wowote bila kubisha, akala kilichokuwepo.

Siku tuliyomzika mzee, tukiwa uani na sahani mikononi, Desmond alisimama kwenye ngazi. Alilia kwanza, kisha akasema, "Hapa patajengwa, siwafichi. Lakini hakuna atakayetoka asirudi. Kila mlango uliopo hapa utapata mlango kule juu, kabla ya mtu mwingine yeyote. Naapa mbele ya mama yangu." Mama yake, Bibi Fumiko, alikuwa amesimama nyuma yake. Tulimwamini. Hatukuwa na sababu ya kutomwamini.

Fleti ziliuzwa zikiwa bado ni picha, kwa watu wa ng'ambo ambao wengi wao hawajalala hapa hata usiku mmoja. Tulipouliza, tuliambiwa na binti mmoja kwamba zipo chache za bei nafuu na zitatolewa kwa bahati nasibu kama wanavyopata watu wote, na hiyo bei nafuu ilipotajwa, Anti alidhani amesikia bei ya ghorofa nzima. Desmond mwenyewe hakuja. Tukatawanyika. Wanangu wapo Las Vegas, kama walivyo watoto wa kila mtu. Mimi nimepanga chumba Kalihi. Bibi kizee wa mlango wa tano alihamishiwa kwa mpwa wake Wai'anae, akalazwa kwenye gereji, na mvua za mwaka ule hazikumwacha. Anti ndiye aliyekwenda kumchana nywele kabla ya maziko. Aliporudi dukani hakusema neno siku nzima. Sikumwona akilia. Nilimwona tu akisuka kwa kukaza, hadi nyuzi zikawa zinamkatikia.

Halafu ofisi ya Desmond ikapiga simu kuagiza koja la ufunguzi. Hawakujua duka ni la nani. Anti alisema, "Ndiyo, tutaleta."

Sasa mtu mmoja kutoka Marekani bara, mnunuzi, mrefu, amevaa miwani ya jua, alitoka kwenye safu ya mbele akamkabidhi Desmond kisu kidogo cha mfukoni. "Jamani, ni majani haya," alisema. "Nimekuja kwa ndege kuchukua funguo zangu. Kata tu, tuingie."

 Mama mmoja alimvuta mwanawe nyuma. Kahu Enoka, mchungaji aliyekuja kubariki, alikuwa ameshika bakuli lake la maji ya chumvi, akaliweka chini.

"Ukikata," alimwambia Desmond taratibu, "mimi naenda nyumbani."

"Na mimi narudisha fleti," alisema mwanamume mmoja mnene kutoka Pearl City. "Mke wangu ni mjamzito. Silali humo."

"Hakuna anayekata!" Desmond alisema haraka. Alimrudishia yule mtu kisu chake kwa heshima, akajipangusa jasho, akageuka kwenye kile kiti cha plastiki. "Anti. Hebu njoo unisaidie. Vidole vyangu ni vya kalamu."

Anti Ululani akainuka. Alichukua muda, magoti yake si mazuri. Watu walimpisha. Akasimama mbele ya Desmond, akarekebisha kola ya shati lake kama anamwandaa kwa picha ya shule.

"Desi," alisema, "umenenepa."

"Ndiyo, Anti."

"Mafundo ni matano. Yanafunguka yote, nimeyafunga mwenyewe. Lakini kila fundo ni mlango mmoja wa ule ua. Wewe utaje familia, mimi nifungue. Tukimaliza, ingieni, mbarikiwe, mle kuku."

Desmond alimtazama, kisha akazitazama kamera za televisheni. Akafunika kipaza sauti kwa kiganja, lakini mimi nilikuwa karibu, nilisikia. "Anti, usinifanyie hivi. Si leo. Tutazungumza ofisini."

"Ofisini nilikwenda. Nilipewa maji ya chupa nzuri." Akauondoa mkono wake kwenye kipaza sauti. "Sema. Wa kwanza ni rahisi."

"Mahoe," alisema Desmond. "Familia ya Mahoe. Ni wewe, Anti."

"Ni mimi." Akalowesha vidole kwenye bakuli la Kahu, akabana ganda mahali fulani kwa kucha ya kidole gumba, akasukuma badala ya kuvuta. Fundo likafunguka. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni mchezo uliopangwa. Desmond naye akapata nguvu.

"Chun! Mzee Chun alinifundisha baiskeli."

"Akakushonea na suruali ulipoanguka." Fundo la pili likaachia.

"Wa tatu ni wale Wasamoa."

"Wana jina."

"Najua wana jina, Anti. Sefo, nilicheza naye mpira. Sefo..." Alifumba macho. "Baba yake alikuwa anaimba asubuhi akioga."

"Bado hujataja jina."

"Fale... Faleafa! Faleafa!"

"Haya." Likafunguka la tatu. Kijana mmoja nyuma akapiga mluzi, "Bado mawili, bosi, usilegee!" na binti wa ofisi, aliyeshika ncha ya kulia, akatoa simu kwa mkono wake mwingine akaanza kutafuta kitu.

"Binti," Anti alimwambia bila kugeuka, "weka simu yako. La kusomewa silifungui."

Desmond aligusa fundo la nne.

Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Asubuhi ile alikuwa amenishika mkono, akaniambia, "Asante sana, mzee, shika juu kidogo." Sasa macho yake yalipita usoni kwangu, yakaenda kwenye nguzo, yakarudi, yakapita tena. Nilikumbuka kwamba mke wangu alimkaangia samaki huyu mtoto kila Ijumaa kwa sababu kwao hawakupenda harufu. Alikuwa anamwita Nanang, yaani mama, kama wanetu. Sikuwa na hasira ya kelele. Lakini nilijua kwamba nikifungua mdomo, nikasema jina langu tu, mlango ule utafunguka, na yeye ataingia akijiona amekumbuka. Nikafunga mdomo.

"Wa nne," alisema Anti.

"Walikuwa Wafilipino," alisema Desmond.

"Ndiyo."

"Mama alikuwa anakaanga samaki." Sauti ilikuwa imeshuka. "Bautista."

Watu wangu waliokuwepo, mafundi na wafagiaji wa mnara ule, waliangua kicheko. "Bautista!" mmoja alirudia. "Kila mtu ni Bautista, bwana! Jaribu na Santos!"

"Si Bautista," alisema Anti.

Desmond akageuka kwa mama yake. Bibi Fumiko alikuwa safu ya mbele, kofia ya ukili kichwani, fimbo katikati ya magoti. "Mama," alisema, kama mtoto aliyekwama darasani.

"Usiniangalie mimi," alisema Bibi Fumiko. Hakuhitaji kipaza sauti. "Mimi nawajua wote. Siku ile uliapa mbele yangu. Hukuniuliza siku unauza, usiniulize leo."

Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Kwa mara ya kwanza watu walianza kuulizana huyu aliapa nini. Nilisikia habari ikipita safu kwa safu, mtu akimweleza mwenzake, mama wa Pearl City akimweleza mumewe, hadi ikafika kwa watu wa kamera, na kamera zikaacha koja zikageukia uso wa Desmond. Ni hilo ndilo Anti alilotaka, nadhani. Au nusu yake.

"Nitawalipa," alisema Desmond. "Anti, nitawatafuta wote. Nitaangalia tunaweza kufanya nini."

"Sikukuuliza utafanya nini. Nimekuuliza ni nani."

 Yule mtu wa bara aliuliza kwa sauti kama kuna mlango mwingine, akaambiwa upo wa maegesho ya magari, lakini hakuna aliyemfuata, naye akabaki. Kahu Enoka akatazama saa, akalitazama koja, akainua bakuli lake.

"Tutarudi kesho saa tatu," alisema. "Mwenye nyumba akatafakari."

"Na wa tano ndiye mgumu," Anti alimwambia Desmond, safari hii kwa upole wa kutisha. "Huyo hakuna wa kumwuliza, kafa. Ila amezikwa Wai'anae, na jina lake limeandikwa pale. Barabara haina foleni usiku."

Watu wakaanza kuondoka, wengine bila funguo zao, wengine wakijipakulia kuku kwanza. Binti wa ofisi alivua viatu vyake akakaa kwenye ngazi. Nikamwonyesha jinsi ya kufunga ncha yake kwenye nguzo bila kuumiza majani, nikafunga na yangu. Anti alileta ndoo na vitambaa, tukaloweka, tukakunja juu ya yale mafundo mawili yaliyobaki. Likikauka sana ganda hukatika lenyewe, naye hakutaka likatike.

Tulipokuwa tukimalizia, Desmond alinijia pembeni. Kola yake ilikuwa imelowa.

"Anko," alisema kwa sauti ya chini. "Nakujua. Nakujua kabisa. Niambie tu."

Nilikamua kitambaa cha mwisho, nikakitandaza vizuri, nikabana ncha zake kwa majani ya ti ili upepo usikibebe.

"Kesho saa tatu," nilimwambia, "nitakuwa nimeshika ncha ya kushoto."

Kisha nikachukua ndoo, kwa sababu vitambaa vile vinataka kuloweshwa tena jioni, na bomba lililo karibu lilikuwa ndani, nyuma ya koja, kwa hiyo nililazimika kuvuka barabara kwenda kuomba maji.