Oili ya Mke wa Fundi

Mjinga wa siku ile alikuwa Fundi Spana mwenyewe, asitafutwe wa kusingiziwa.

Tangu wamzike binti yao wa pekee, mkewe alikuwa amezimika. Alishinda kwenye kiti cha jikoni akitazama ukuta. Fundi akaenda zahanati kuuliza. Muuguzi akamweleza taratibu kwamba samaki wenye mafuta, kama vibua na dagaa, wana kitu ambacho ubongo unakihitaji, na wapo waliosaidika kidogo huzuni ilipowazidi.

"Ila si dawa ya msiba, kaka. Umlete tuongee naye."

Fundi alisikia mpaka kwenye mafuta, masikio yakaziba. Kwake yeye, injini ikikohoa, cha kwanza ni oili.

Basi nyumba ikanuka samaki asubuhi na jioni. Vibua vya kukaanga, vibua vya kuchemsha, dagaa juu ya wali. Alikuwa anapakua, anafunika sahani, huyo anakimbilia gereji. Gereji kulikuwa na kelele. Nyumbani, viatu vidogo bado vilikuwa mlangoni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuviondoa.

Mchana wa siku ile alirudi mapema, akakuta sahani tupu na mkewe analia kimyakimya, kama mtu anayemenya vitunguu.

"Mama, umekula mpaka mkia. Mbona uso ni uleule?"

"Ulitaka uwe wa kibua?"

Fundi akacheka. Kicheko kikakosa mwenzake, kikafa njiani.

"Mwenzio nahangaika. Sokoni sasa wananiita Paka."

"Hawajakosea. Paka naye huja, akanusa sahani, akaenda zake."

"Sasa nifanye nini? Mafuta yale yanafika kwenye ubongo, muuguzi kasema."

"Yamefika."

"Eh. Halafu?"

"Yamemkuta mwanetu huko."

Fundi alifunua sufuria, akaifunika. Akapangusa meza iliyokuwa safi. Kisha akakiona kikapu nyuma ya mlango, akakichukua kama mtu aliyeokolewa.

"Ngoja niwahi sokoni kabla hawajafunga. Labda vibua vya leo vimenona zaidi. Haya mambo yanataka subira, mama, huwezi ukala wiki mbili ukasema hayafai. Hata gari—"

"Baba yake."

Akasimama, mkono kwenye kitasa.

"Kila nikimtaja, unakwenda kununua samaki."